Siku Nilipowaambia Watu wa Mbuchi Pesa Zimekufa

Kosa kubwa kuliko yote niliyoyafanya katika kazi hii lilikuwa la neno moja, na lilikaribia kunyonga watu watatu. Nawaambia mapema, vijana wangu, kwa sababu naona mnavyonitazama. Mnaona mzee wa kanzu safi na miwani, karani mstaafu aliyewasomea watu matangazo ya serikali tangu enzi ya Mdachi mpaka hii ya Mwingereza, na mmeambiwa nimekuja hapa Kibiti kuwafundisha namna ya kuwaeleza watu sheria za fedha zinapobadilika. Pengine mlidhani nitaanza na sifa zangu. Sifa zipo, lakini si zangu. Ni za watu watatu nitakaowataja, na hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kusoma.

Kazi yenyewe haikuwa na jina zuri. Watu wa mtoni walituita wasoma karatasi. Serikali ikibadili jambo la fedha, sarafu ipi ipokelewe, kodi ilipwe kwa kitu gani, mwenye duka akikataa sarafu afanywe nini, karatasi ilitoka Dar es Salaam ikafika bomani. Kutoka bomani lazima mtu aichukue mpaka kwa mama anayepalilia mpunga Mbuchi na kwa mkata boriti wa Kiongoroni, kule karibu na bahari, ambako hakuna njia ila maji. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilizaliwa Ngorongo, nikasoma chuoni kwa maalim wetu, kisha nikapelekwa shule ya Mdachi nikajua na herufi zao. Nilikuwa sijafika miaka ishirini na mitano, na nilijiona nimemaliza elimu yote ya dunia.

Aliyekuwa juu yangu katika kazi hiyo ni Mzee Salehe Matimbwa, mpiga mbiu wa boma. Nilipoonyeshwa mara ya kwanza kwamba huyu ndiye mpiga mbiu, nilicheka pembeni. Alikuwa mfupi, na sauti yake ndogo kama ya mtu anayeongea na mgonjwa. Alipuliza pembe lake la palahala, na pembe hilo lilisikika ng'ambo ya mto, lakini watu wakishakusanyika alianza kusema kwa sauti ileile ndogo. Basi watu walisogea. Walioko nyuma waliwaambia wa mbele wanyamaze. Watoto walifinywa wakatulia. Siku moja nilimwambia, "Mzee, kwa nini hupazi sauti? Wewe ni mpiga mbiu." Akanijibu, "Mtu ukimpigia kelele, anachosikia ni kelele."

Hakujua herufi hata moja, si za Kiarabu wala za Kizungu. Kwa hiyo kila karatasi ilipofika nilimsomea mara ya kwanza, akasikiliza amefumba macho. Nilimsomea mara ya pili polepole. Mara ya tatu alinisomea yeye mimi, kwa kichwa, bila kuacha kitu. Kisha aliuliza swali lake, moja tu, miaka yote tuliyofanya kazi pamoja: "Sasa kesho asubuhi mtu huyu afanye nini?" Nikishindwa kujibu, alinyanyuka akaenda zake. "Hatuendi. Hiyo bado ni karatasi."

Mara moja ilikuja amri kuhusu kodi ya nyumba, kwamba ilipwe kwa fedha. Nikaona ni jambo jepesi. Mzee Matimbwa akauliza, na mjane mwenye nyumba mbili, moja imeanguka paa? Sikujua. Nikaenda kwa Bwana Shauri, ndivyo tulivyomwita mkuu wa boma, nikauliza, nikarudi. Akauliza, na aliyehamia shamba la mtoni msimu wa mafuriko, analipa kule au huku? Nikaenda tena. Mara ya tatu Bwana Shauri alinitazama kama mtu anayetazama punda. Nikarudi nimenuna.

"Mzee, Bwana Shauri ananiona mjinga."

"Vizuri," alisema. "Hapa bomani mjinga atakuwa mmoja. Tukienda hivihivi, Mbuchi nzima watakuwa wajinga."

Sasa nifike kwenye neno langu.

Hela mnayoitaja kila siku, mkisema sina hela, nipe hela, ilikuwa jina la sarafu. Kabla yake tulitumia pesa za shaba, zilizotengenezwa na kampuni ya biashara ya Wadachi, na pesa sitini na nne zilikuwa rupia moja. Kisha sheria ikabadilika. Serikali ya Mdachi ilisema kutengeneza fedha ni kazi yake yenyewe, si ya kampuni tena, ikatoa sarafu mpya ndogo iitwayo hela, na hela mia zikawa rupia moja. Kwa mtu wa ofisini hilo ni jambo dogo la hesabu. Kwa mtu mwenye pesa thelathini kibindoni ni swali la kama ana kitu au hana.

Karatasi ilieleza mambo kwa mpango wake. Mwanzoni ilisema fedha ya nchi sasa ni rupia na hela. Katikati ilieleza mia kwa moja. Mwishoni kabisa, mstari wa mwisho, ilisema pesa za zamani zitaendelea kupokelewa mpaka muda utakaotangazwa, na mwenye nazo azilete bomani abadilishiwe kwa hesabu yake ileile ya sitini na nne kwa rupia. Andikeni hili mnaposikia: katika sheria ya fedha, linalomgusa maskini mara nyingi limekaa mwishoni. Anzeni kusoma chini.

Mzee Matimbwa alishikwa na homa wiki ile. Aliniambia nisubiri. Sikusubiri. Nilitaka kwenda peke yangu, watu wanione, na nilikuwa na kofia mpya ya kushona kwa mkono. Nikachukua mtumbwi na mpiga kasia, tukaondoka na maji yakijaa.

Ninyi wa barabarani hamjui taabu ya vijito vile. Maji yakikupwa, kijito ulichoingilia kinabaki tope, na mtumbwi unakaa hapo mpaka maji yarudi. Nilifika Mbuchi nimechelewa, watu walikuwa wametawanyika mashambani, na walipokusanyika mpiga kasia wangu alikwishaanza kuniita kwamba maji yanaondoka. Nikasoma mwanzo wa karatasi kwa sauti kubwa sana, tena kwa madaha. Nikaona nyuso zimeduwaa. Badala ya kueleza, nikafupisha. Nikasema, "Kwa kifupi, pesa za kampuni zimekufa. Sasa ni hela." Mtu mmoja akauliza, tuzipeleke wapi hizi tulizo nazo? Nami nimeshakunja karatasi, mguu mmoja uko mtumbwini. Nikasema, "Msihangaike nazo." Maana yangu ilikuwa wasiwe na wasiwasi, zitabadilishwa. Maana waliyoipata ni kwamba wazitupe.

Niliporudi Mzee Matimbwa alikuwa amekaa kitandani, amejifunika shuka. Akaniuliza, "Uliwauliza kesho asubuhi watafanya nini?"

Nikasema, "Niliwauliza."

Huo ndio uongo wangu wa kwanza kazini, na nilimwambia mtu aliyenifundisha kazi.

Haikupita muda, vita vikaanza. Hivi mnavyoviita vya Maji Maji, sisi tulivisikia kwanza kama habari za kule milima ya Matumbi: watu wameng'oa pamba ya serikali, wamekunywa dawa ya maji, akida aliyewasimamia amekimbia. Kisha habari zikasogea. Bomani askari waliongezeka, na chakula chao lazima kitoke mahali. Shaushi mmoja, sajini wa askari, akatumwa Mbuchi kununua mpunga, akapewa mfuko wa fedha. Mfuko ule ulijaa pesa za zamani, kwa sababu boma lenyewe lilikuwa bado linazipokea na kuzitoa, kama sheria ilivyosema.

Watu wa Mbuchi walizikataa.

Sikujua lolote mpaka mama mmoja alipofika kwangu asubuhi, miguu yake ina tope la mikokoni mpaka magotini. Alikuwa Bi Tatu, mkulima wa mpunga. Alipiga hodi, akakaa barazani, akapumua kwanza. Mzee Matimbwa alikuwa hapo, tunakunywa uji.

"Karani," alisema, "umenisahau, lakini mimi sikukusahau. Wewe ulikuja kwetu na kofia nyeupe. Ulisema pesa za kampuni zimekufa, sasa ni hela. Ulisema msihangaike nazo. Wengine tulizifukia. Wengine walizitoboa wakawavisha watoto shingoni. Juzi askari wamekuja na pesa zilezile wanataka mpunga. Mume wangu Shomari na wenzake wawili wakawaambia hizo zimekufa. Wamefungwa mnyororo wa shingo, wamechukuliwa, na mpunga umechukuliwa. Nimesikia watahukumiwa kama watu wa maji."

Hakupaza sauti. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Alirudia tu maneno yangu kama nilivyoyasema, na kila neno lilikuwa sawa.

Nilifungua kinywa niseme kwamba hawakunielewa. Mzee Matimbwa akainua mkono. Akamuuliza Bi Tatu, "Mumeo alipokataa, alisema hataki kuuza?"

"Hapana, baba. Alisema, leteni hela, nitawapimia magunia mawili leo hii. Na mpunga alikwishaanza kuupima."

"Shaushi alisikia?"

"Alisikia. Ndipo akampiga kofi."

Mzee Matimbwa akaweka bakuli lake la uji chini. Kisha akanigeukia. "Leta karatasi." Nikaileta. "Soma mstari wa mwisho." Nikasoma. Uji ulikuwa umepoa. Akasema, "Hukuwauliza."

"Sikuwauliza, Mzee."

"Basi twende. Mimi nitasema yangu. Ya kwako sitakusemea."

Lazima mwelewe siku zile zilivyokuwa. Bomani watu walikuwa wakinyongwa kwa ushahidi mdogo kuliko huo. Mtu akisema "fedha ya serikali imekufa," na vita viko mwendo wa siku chache, nani angedhani anazungumzia tangazo la sarafu? Hata mimi ningesikia kwa mwingine ningedhani ni maneno ya waganga wa kule milimani. Na aliyeyapeleka maneno hayo kijijini, huyo angeonekana mkubwa wao. Nilitembea kuelekea bomani nikijua hivyo. Nilifikiri kuugua, nilifikiri kukimbilia kwetu Ngorongo, nilifikiri mengi kwa njia fupi ile.

Bwana Shauri alikuwa kwenye veranda, macho mekundu, hajalala sawasawa tangu vita vianze. Alijua Kiswahili, lakini Kiswahili cha amri. Shaushi alisimama akaeleza: watu hawa watatu wamekataa fedha ya serikali, wamesema imekufa. Maelezo yake yalikuwa mafupi na yote ya kweli. Hapo ndipo niliposhika jambo ambalo nimewaambia makarani wengi baada ya hapo, kwamba mtu anaweza kusema kweli tupu na wengine wakanyongwa kwayo.

Mzee Matimbwa akaomba ruhusa ya kusema. Alimwomba Bwana Shauri jambo moja: wale watu watolewe, kisha waitwe mmoja mmoja, kila mmoja aulizwe alisikia maneno gani hasa. Bwana Shauri akakubali, nadhani kwa kuchoka. Akaja wa kwanza. "Nilisikia pesa za kampuni zimekufa, sasa ni hela." Akatolewa. Akaja wa pili. "Pesa za kampuni zimekufa, sasa ni hela." Nikamwona Bwana Shauri ameinua kichwa. Watu wanaotunga uongo hawatungi namna hiyo, neno kwa neno, huku wametenganishwa.

Akaja Shomari, mume wa Bi Tatu. Mtu mrefu, shingo imechubuka kwa mnyororo. Akasema yaleyale. Bwana Shauri akamuuliza, "Nani alisema?"

Shomari alinitazama. Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake, na kofia yangu ileile kichwani. Kisha akatazama pembeni akasema, "Bwana, siku ile watu walikuwa wengi. Simkumbuki."

"Utanyongwa kwa mtu usiyemkumbuka?"

"Simkumbuki, Bwana."

Mzee Matimbwa hakunitazama. Alitazama sakafu tu. Nikasikia farasi wa Bwana Shauri anatafuna majani nje. Sijui ilikuwa muda gani. Najua tu kwamba nilisikia sauti yangu ikisema, "Ni mimi, Bwana."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyesema pesa zimekufa. Nilikwenda Mbuchi na karatasi yako nikaisoma vibaya."

Alisimama. Akaniuliza kama na mimi nimekunywa dawa ya maji. Nikasema sikunywa. Nikaomba nisome karatasi, nikaisoma yote, mpaka mstari wa mwisho, nikaeleza maneno niliyosema mimi na maneno yaliyoandikwa. Nikamwambia kwetu kitu kisichotumika tena watu husema kimekufa, hata saa ikisimama imekufa, na sikuwa na maana nyingine. Akamtazama Mzee Matimbwa. "Na wewe mzee?"

Mzee Matimbwa akasema kwa sauti yake ndogo, mpaka Bwana Shauri akainama mbele ili asikie. "Bwana, muulize shaushi jambo moja. Watu hawa walipokataa pesa, waliomba nini?"

Shaushi akasita. Kisha akasema, na namheshimu mpaka leo kwa hilo, "Waliomba hela."

"Basi, Bwana," akasema Mzee Matimbwa, "mtu aliyeikataa serikali huomba fedha yake mpya? Watu hawa waliikataa ya zamani kwa sababu walidhani wewe umeikataa. Walikuwa wanatii. Walitii karatasi uliyoituma, kama walivyosomewa."

Nimesikia mawakili wakubwa tangu hapo, vijana wangu, wenye majoho. Sijasikia hoja kama ile.

Watu watatu walifunguliwa mchana uleule. Mpunga wao ulikuwa umeshaliwa na haukurudi, wala hakuna aliyeomba radhi. Mimi nilihukumiwa khamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, hadharani, na baada ya hapo niende vijiji vyote vya deltani nikasahihishe. Sitawaeleza viboko vile. Walipomaliza, Mzee Matimbwa alinimwagia maji ya chumvi mgongoni, akaniambia, "Umesema vizuri leo." Hakuwa amenisifu kabla ya siku hiyo.

Tuliondoka tukiwa wanne: Mzee Matimbwa, mimi, Bi Tatu na Shomari, ambaye angeweza kwenda zake, lakini alishika upondo akasukuma mtumbwi mwenyewe. Mimi sikuweza kukaa. Nililala kifudifudi juu ya jamvi kama samaki aliyevuliwa. Shomari akasema, "Karani, safari hii maji yakikupwa hutakuwa na haraka." Bi Tatu akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimwone, nami nikacheka, ikaniuma.

Tulipofika Mbuchi kijiji kilikuwa kitupu. Majiko yanafuka moshi, kuku wanazurura, watu hakuna. Walikuwa wameona mtumbwi wa boma wakaingia mikokoni. Ningekuwa peke yangu ningeita, ningefoka. Mzee Matimbwa alipuliza pembe mara moja, akakaa chini ukingoni, akaanza kusugua tope miguuni pake. Bi Tatu alitembea mpaka penye mikoko, akawaita kina mama kwa majina yao, mmoja mmoja. Wakatoka wanawake kwanza, kisha wazee, kisha wengine.

Mzee Matimbwa akasema, "Leo simsemei mtu. Karani atasema mwenyewe."

Nikainuka kwa taabu. Nikawaambia, "Nilisema pesa zimekufa. Nilikosea. Hazijafa. Mnaweza kuzitumia mpaka mtakapoambiwa mwisho, na mnaweza kuzipeleka bomani mkabadilishiwa."

Bibi mmoja akauliza, "Kumbe serikali nayo hukosea?"

"Karani hukosea," Mzee Matimbwa akamjibu. "Ya serikali tumwachie Mungu."

Watu wakacheka, na hofu ikapungua. Lakini alikuwapo mtu mmoja kutoka milimani, amefika pale kwa shemeji zake. Akasimama akasema, "Mnakaa kusikiliza habari za fedha ya Mdachi, na wenzenu wanapigwa risasi?"

Mzee Matimbwa hakukasirika. Akamwambia, "Ndugu yangu, shauri la vita ni lako na moyo wako, mimi sikuja nalo. Nimekuja ili mwenye pesa kumi asinyang'anywe nne kwa kutojua. Vita vikiisha, akishinda huyu au yule, mama huyu bado atakuwa na pesa zake kumi au hatakuwa nazo."

Yule mtu alikaa, akasikiliza mpaka mwisho. Msiniulize kama sisi wa boma tulikuwa upande wa haki katika vita vile. Nimejiuliza hilo mara nyingi kuliko mtakavyoniuliza. Nilikula mshahara wa watu waliotuchapa. Naweza kusema tu kwamba Mzee Matimbwa ndani ya kazi ile alitafuta mahali pa kumfaa mtu, na alipapata.

Sasa ikabaki hesabu. Pesa sitini na nne kwa rupia, hela mia kwa rupia. Nilieleza nikaeleza, watu wanatikisa kichwa. Wapo waliokuwa wamekwisha kubadilishana na wachuuzi, pesa moja kwa hela moja, wakidhani ni sawa. Bi Tatu akaniambia, "Karani, kaa." Akaleta pishi ya mpunga na vikombe viwili vya kifuu, kimoja kikubwa, kimoja kidogo. Akasema, "Hii pishi ndiyo rupia. Nikiigawa kwa vikombe hivi vikubwa inaisha upesi. Nikiigawa kwa hivi vidogo inakwenda vikombe vingi. Pishi ni ileile. Pesa ni kikombe kikubwa, hela ni kikombe kidogo. Mtu akikupa kidogo kimoja kwa kikubwa kimoja, amekufanya nini?"

"Amekula mpunga wangu," akasema yule bibi.

Nikamtazama Mzee Matimbwa. Alikuwa amefumba macho, anatabasamu. Kisha akawauliza wote swali lake, na mmoja baada ya mwingine wakajibu kesho asubuhi watafanya nini: huyu atafukua pesa zake, yule atavua shingoni mwa mtoto, huyu atamfuata mchuuzi amdai tofauti. Hatukuondoka mpaka wa mwisho alipojibu. Maji yalikupwa, mtumbwi ukakaa kwenye tope, tukala wali Mbuchi.

Kutoka siku hiyo, kila karatasi ya fedha ilipotoka, niliipeleka kwanza kwa Bi Tatu kabla sijaisoma popote. Akiuliza kitu nisichokijua, nilirudi bomani. Nilifanya hivyo hata Mwingereza alipokuja akaondoa rupia akaleta shilingi na senti. Wakubwa wangu wapya walishangaa kwa nini tangazo linafika Mbuchi kabla ya kubandikwa ukutani. Sikuwaambia. Ninyi sasa mna magazeti, mna karatasi zilizopigwa chapa, na wengine wenu mna baiskeli za serikali. Vyote ni vizuri. Lakini tafuteni Bi Tatu wenu, kila kijiji anaye mmoja, na mara nyingi haketi mbele.

Mzee Matimbwa hakuiona shilingi. Njaa iliyofuata vita ilimkuta amekwisha dhoofika, na chakula kidogo alichopata alikigawa. Nilimzika mimi na Shomari.

Shomari aliishi sana. Miaka mingi baadaye nilimkuta shambani kwake anavuna, nikakaa kwenye tuta, nikamuuliza jambo lililonisumbua tangu nikiwa kijana. Nikamwambia, "Shomari, siku ile ulinikumbuka vizuri. Kwa nini hukunitaja?"

Aliendelea kukata masuke. "Ningekutaja mimi," alisema, "wangesema mfungwa anatafuta wa kumsukumia. Wangetunyonga wote wanne. Ilibidi ujitaje mwenyewe ndipo iwe kweli."

Mtu mwenye mnyororo shingoni, hakusoma hata alifu, alikuwa ameipima baraza nzima kwa kutazama mara moja, akaniachia mimi nafasi.

"Na kama ningenyamaza?"

Hapo aliinuka, akanyoosha mgongo, akacheka.

"Ungenyamaza? Mke wangu alikuwa amekaa chini ya ngazi za veranda, anasikia yote. Alikuwa anakuhesabia, ikifika kumi apande akurudie maneno yako mbele ya Bwana Shauri. Aliniambia baadaye alikupa mpaka kumi, na wewe ulisema kwenye tisa."